Daftari langu la mafuta la Nala–Mtumba limenifumbua macho: jiji linatoa hewa ukaa kwa sababu gani hasa?

Mkaa wa Nala (mtoa mada)

Mbukwenyi wakuu.

Nina tabia ambayo mke wangu anaiita ugonjwa: kila nikijaza mafuta naandika. Daftari lenyewe ni lile dogo la shule, jalada limeshachanika, linakaa kwenye kisanduku cha dashibodi pamoja na risiti. Tarehe, lita, bei, kilomita. Basi.

Jumapili nilikaa nalo barazani nikajumlisha mwezi mzima. Hapa Dodoma, Nala hadi Mji wa Serikali Mtumba na kurudi, pamoja na kupitia mjini kumshusha mtoto, ni kilomita 64 kwa siku. Siku 22 za kazi zinakuwa kilomita 1,408. Gari langu la cc 1500, kiyoyozi kikiwaka na foleni ya asubuhi, linakwenda kilomita 11 kwa lita. Nimeunguza lita 128.

Sasa hapo ndipo nilipoharibu Jumapili yangu. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa karibu kilo 2.3 za hewa ukaa. (Anayejiuliza kilo 2.3 zinatokaje kwenye lita isiyofika hata kilo moja: kaboni ya kwenye mafuta inashikana na oksijeni ya hewani, uzito unaongezeka.) Mwezi mmoja nimetoa kilo 294. Mwaka ni tani tatu na nusu. Mtu mmoja, kwenda kazini tu, sijahesabu jiko wala friji wala safari ya kijijini.

Mwaka 2009 watafiti walioongozwa na Christopher Kennedy wa Toronto, Kanada, walilinganisha miji kumi ya duniani, gesijoto zote (hewa ukaa na nyingine zinazoipasha dunia joto) kwa kila mkazi: umeme, joto la majumbani, magari, viwanda, taka, mpaka mafuta ya ndege. Waliokuwa chini kabisa ni Barcelona ya Hispania, tani 4.2 kwa mtu. Juu kabisa Denver ya Marekani, tani 21.5. Yaani mimi mwenye jiko la gesi na kuku kumi na wawili, kwa barabara ya kazini peke yake, nakaribia kumfikia mkazi mzima wa Barcelona na ndege zake.

Ikanibidi nijiulize: kwani Denver ina nini hata iizidi Barcelona mara tano? Wote wana fedha zao.

La kwanza ni baridi. Denver theluji inaanguka, nyumba lazima zipashwe joto miezi kadhaa. Sisi hapa kipupwe cha Juni na Julai tunakimaliza kwa sweta. La pili ni umeme unatoka wapi. Denver enzi hizo ilikuwa inakula makaa ya mawe. Geneva nako kuna baridi kali, lakini umeme wao ni wa maji, kwa hiyo ukifika kwenye safu ya umeme karibu hawaonekani. Cape Town, Afrika hii hii, ilikuwa na tani 11.6, na umeme wa makaa ya mawe una mkono mkubwa hapo.

La tatu ndilo lililonikamata shati: mji umekaaje. Mwaka 1990 Barcelona ilikuwa na watu milioni 2.8 kwenye kilomita za mraba 162. Atlanta ya Marekani ilikuwa na watu milioni 2.5, wachache zaidi, waliotapakaa kwenye kilomita za mraba 4,280. Mtu wa Barcelona anashuka ngazi, anakunywa kahawa, anapanda treni. Mtu wa Atlanta hata mkate anaufuata kwa gari. Waaustralia wawili, Newman na Kenworthy, walishaonyesha hilo tangu 1989: kadiri watu wanavyokaa mbali mbali, ndivyo petroli kwa kichwa inavyopanda.

Kuna Mjapani anaitwa Yoichi Kaya aliyeiweka habari nzima kwenye hesabu moja tu ya kuzidisha. Idadi ya watu, mara kipato cha kila mtu, mara nishati inayotumika kuzalisha kila shilingi, mara uchafu wa nishati yenyewe. Ukiongeza kimojawapo vingine vikabaki palepale, moshi unaongezeka. Ukitaka upungue huku watu na kipato vinapanda, huna pa kushika ila hivyo viwili vya mwisho.

Tuje nyumbani. Sensa ya 2012 Dodoma mjini ilikuwa na watu 410,956. Sensa ya 2022 ikatukuta 765,179. Kila mtu akiona foleni ya asubuhi anasema "watu tumekuwa wengi". Mimi nasema hapana, hapo tunasingizia watu. Jirani yangu wa zamani pale Chang'ombe anakwenda sokoni kwa miguu, anarudi kwa miguu, mtoto wake shule iko mtaa wa pili. Yeye naye kahesabiwa na sensa ileile. Kinachotofautisha moshi wake na wangu ni kilomita 32 kati ya kitanda changu na kiti changu cha ofisini.

Na hizo kilomita hakuna aliyenilazimisha. Nilinunua kiwanja Nala kwa sababu kilikuwa bei nafuu, kimepimwa, na hewa nzuri. Kiwanja hakitoi moshi. Lakini siku nilipolipia ile hati, nilijiandikisha kununua lita 128 kila mwezi mpaka nitakapostaafu.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Umeme wetu ndio kwanza unakuwa msafi, bwawa la umeme la Rufiji limekamilika, na wakati huohuo tunajenga mji ambao bila petroli huwezi kuuishi. Nimekosea wapi? Karibuni.

---

Chips Zege

Mtu anajiita Mkaa halafu analalamikia hewa ukaa 😂😂

---

Mkaa wa Nala

Mkaa kwa maana ya mkazi mkuu. Nilijua tu hili litakuja.

---

Kifimbo

Samahani mtoa mada, lakini mimi hizi habari zinanichosha. Mmarekani mmoja anatoa tani kumi na nne hivi za hewa ukaa kwa mwaka, Mtanzania wa kawaida mafuta yote anayounguza hayafikishi hata tani moja. Wametengeneza viwanda miaka mia mbili, wametajirika, leo sisi tumepata vigari vya mkopo ndiyo tuhesabiwe lita? Acha watu waishi. Dodoma haiwezi kuharibu dunia hata ikitaka.

---

Mkaa wa Nala

Kifimbo nakubaliana nawe kuhusu deni ni la nani, tena bila ubishi. Lakini weka dunia pembeni. Lita 128 kwa bei za mwaka huu ni zaidi ya laki tatu na nusu kila mwezi. Hiyo fedha haiendi Marekani kuwakomoa, inatoka mfukoni mwangu. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wadhibiti wa bei za mafuta, wakitangaza bei mimi moyo unadunda. Kinachonitoza fedha na kinachotoa moshi ni kitu kimoja, ndiyo maana nakihesabu.

---

Mama Ubwabwa

Jamani hodi. Mimi nauza chakula maeneo ya Sabasaba, mwanangu ndiye kanionyesha huu uzi akasema mama huyu baba anaandika mafuta kama wewe unavyoandika mkaa.

Naandika kweli. Gunia moja kwangu linakaa siku kumi. Juzi nimelipima kwa mzani wa jirani anayeuza viazi, kilo 47, na chini nikakuta vumbi na mawe, maana wanajaza vizuri juu tu. Kwa mwezi magunia matatu. Hapo napika wali, maharage na nyama, sahani kama themanini kwa siku, Jumapili sifungui.

Mwanangu kaniletea lile jiko la presha la umeme. Nikalijaribu nyumbani, maharage makavu ambayo sikuloweka. Mita ya LUKU ilisoma uniti 83.6 nilipowasha, ilipozima yenyewe ikasoma 83.1. Nusu uniti! Nikasema hawa watu wa mkaa wamenila miaka yote hii. Kwa elfu moja unapata uniti 2.8, kwa hiyo hayo maharage yameiva kwa kama shilingi mia na themanini. Mkaa wa kuivisha maharage yale ni zaidi ya elfu moja.

Lakini baba Nala, kajiko kale ni lita sita. Sufuria langu la maharage linabebwa na watu wawili. Na wali wa biashara lazima upaliwe makaa juu ya mfuniko ukauke, ule wa umeme wateja wanasema una maji maji. Gesi ninayo mtungi mkubwa, natumia kukaangia na kuunga, nikisema nipikie wali wote mtungi unaisha kabla ya wiki. Kwa hiyo mkaa upo.

Sasa naomba mnieleze, mimi nami natoa tani ngapi?

---

Bonde la Makutupora

Mama nitakupigia hesabu, nasoma mazingira hapa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), ila usiogope namba kabla sijamaliza.

Kilo 47 mara tatu ni 141 kwa mwezi, mwaka ni karibu kilo 1,690 za mkaa. Tanuru la udongo la porini linataka kama kilo nane za mti kutoa kilo moja ya mkaa, wengine wanafika hata kumi. Yaani wewe mwaka umepitisha jikoni tani 13 na nusu za mti. Kilo moja ya kuni kavu ina hewa ukaa kama kilo 1.7. Jumla tani 23.

Nimesema usiogope. Kwanza, sehemu kubwa ya hiyo haikutokea Sabasaba, ilitokea porini kwenye tanuru, kabla gunia halijashonwa. Pili, hiyo tani 23 ni kama ule mti haurudi tena maisha. Miti yetu mingi ya miombo ukiikata ukaacha kisiki inachipua. Ikiachwa ikue, inaivuta tena ile hewa. Tatizo kisiki hakiachwi, linakuja shamba, zinakuja mbuzi. Kwa hiyo ukweli uko katikati, chini ya 23 na juu ya sifuri.

Tatu, gawanya kwa sahani. Sahani 80 kwa siku 26 za mwezi, mwaka ni karibu sahani 25,000. Hata kwa hesabu mbaya kabisa inakuja kilo moja kwa sahani. Mtoa mada akiwasha gari kwenda Mtumba na kurudi ni zaidi ya kilo 13 kwa siku. Safari yake ya siku moja ni sahani kumi na tatu za ubwabwa wako, na mama wewe umelisha watu.

---

Mkaa wa Nala

😅 Hiyo nimeipokea kwa unyenyekevu.

---

Bonde la Makutupora

Naongeza jambo ambalo nadhani ndilo limefichwa kuliko yote. Kwa utaratibu wa kimataifa wa kuhesabu gesijoto, hewa ukaa inayotokana na kuni na mkaa haiingizwi kwenye jumla ya nishati. Inahesabiwa upande wa ardhi na misitu, pale mti ulipokatwa. Mantiki yake ipo, wasihesabu mara mbili. Lakini matokeo yake ni kwamba jiji kama la kwetu, ambako majiko mengi ni ya mkaa, ukisoma jedwali la nishati unaona ni jiji safi kama theluji. Magari yanaonekana, umeme unaonekana, gesi ya mitungi inaonekana. Gunia la Mama Ubwabwa limebaki porini kwenye daftari la wilaya nyingine.

Mtu akihama kutoka mkaa kwenda gesi ya mtungi, kwenye jedwali hilo la nishati anaonekana kama *kaongeza* uchafuzi! Mtungi wa kilo 15 ukiisha umetoa kama kilo 45 za hewa ukaa, na zote zinaandikwa. Familia inayomaliza mmoja kwa mwezi ni kilo 540 kwa mwaka. Familia hiyohiyo kwa mkaa wa kilo 40 kwa mwezi ingepitisha karibu tani nne za mti.

Na si sisi tu wenye mchezo huu. Beijing waliihamishia Hebei kazi ya kuyeyusha chuma ya kiwanda cha Shougang, miaka ile ya Olimpiki ya 2008, na 2017 wakafunga mtambo wao mkubwa wa mwisho wa umeme wa makaa ya mawe. Anga la Beijing limepata nafuu, hilo ni kweli na watu wanapumua. Ila chuma kinaendelea kuyeyushwa, ni anwani imebadilika. Ukiambiwa jiji fulani limepunguza moshi, uliza kwanza limepunguza au limemsogezea jirani.

---

Kifimbo

Haya sasa huyu dogo anaongea. Mtoa mada umepata mwalimu.

---

Fundi Waya

Nimeona umeme umetajwa juu juu, niingie kidogo.

Uniti moja ya umeme si sawa na uniti nyingine, hilo watu hawalijui kwa sababu LUKU haisemi. Uniti ikitoka kwenye mtambo wa makaa ya mawe ina hewa ukaa kama kilo moja. Ikitoka kwenye gesi asilia kama ile ya Kinyerezi na Ubungo ni kitu kama nusu kilo, mtambo mzuri unashuka chini ya hapo. Ikitoka kwenye maji, gramu chache. Ukiwasha jenereta dogo la petroli la dukani, uniti moja inapita kilo, na makelele juu. Mwishoni mwa 2023 wakati wa mgao, ule mtaa wa maduka ninaofanyia kazi kila mlango ulikuwa na jenereta lake. Matumizi ya umeme yalishuka, moshi ukapanda. Kwa hiyo gridi ikiyumba, jiji linachafuka hata kama watu wamepunguza matumizi.

Sasa bwawa la Julius Nyerere, ndilo hilo la Rufiji: mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Wa kwanza uliingia gridi Februari 2024, na 2025 wote tisa wakawa tayari. Mtera yetu hapa jirani ni megawati 80, Kidatu 204. Mjionee wenyewe ukubwa wa kilichoongezeka.

Ila msilewe. Maji ni maji. Mwaka 2006 na tena 2015 mabwawa yalipungua mpaka nchi ikaegemea gesi na mafuta. Na maji ya Mtera yanatoka kwenye Ruaha, milimani kule na kwenye misitu ileile ambayo dogo amesema visiki haviachwi vichipue. Mkaa na umeme wa maji ni maadui wa chinichini.

Mtoa mada, kwa gari lako: gari la umeme la ukubwa huo linakula kama uniti 16 kwa kilomita mia. Kilomita zako 1,408 ni uniti 225. Hata zote zikitoka kwenye gesi ni kama kilo mia moja, badala ya 294. Zikitoka Rufiji, ni karibu na bure kwa upande wa moshi. Kilomita ni zilezile, kiwanja ni kilekile. Kwa hiyo mimi sikubali kwamba tatizo ni kiwanja. Tatizo ni kilichomo kwenye tangi.

---

Bajaji ya Njano

Fundi nakuunga mkono ila nani ana hela ya gari la umeme? Mimi bajaji nimekopeshwa, nalipa kwa wiki. Nazunguka Majengo, Area C, Kisasa mpaka Ilazo, wese la siku naliona mimi. Abiria wa Nala nikimpeleka narudi mtupu. Hizo kilomita za kurudi mtupu nani anazihesabu? Mji ukiwa umekaa kwa kubanana narudi na mtu. Viwanja vya mbali vinanifanya niunguze mara mbili kwa nauli moja. Mimi niko upande wa mtoa mada.

---

Mpima wa Zamani

Vijana, nimefanya kazi ya kupima ardhi hapa tangu enzi za CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Nimestaafu, sasa nalima zabibu Hombolo kwa hiyo muda wa kuandika ninao.

Kwanza namrekebisha mtoa mada kidogo kabla hajaanza kugawanya watu kwa eneo. Jiji la Dodoma kwenye karatasi lina zaidi ya kilomita za mraba 2,500, lakini humo mna mashamba yangu ya zabibu, milima, na mapori. Ukigawanya watu kwa namba hiyo utaona Dodoma imetapakaa kuliko hata Atlanta, na haitakuwa hesabu ya haki. Pima palipojengwa. Na palipojengwa napo panatofautiana: Majengo na Chang'ombe pamebanana, watu wamekaa bega kwa bega, halafu unavuka kilomita kadhaa za vichaka vilivyopimwa ambavyo mwenyewe yuko Dar anasubiri bei ipande, ndipo unakuta nyumba nyingine. Hivyo vichaka vya katikati ndivyo vinavyokula petroli yako. Bomba linapita, nguzo inapita, lami inapita, hakuna anayekaa hapo.

Pili, wengi hamjui kwamba mji huu haukupangwa uwe wa magari. Uamuzi wa kuhamia ulikuwa 1973, CDA ikaanzishwa mwaka huohuo, na mpango kabambe wa 1976 uliandaliwa na kampuni ya Toronto, Kanada. Ule mpango ulitaka mji wa mitaa inayojitosheleza, mtu atembee kwa miguu au baiskeli kwenda shule, soko na zahanati, na mabasi yawe na njia zao. Miaka ile mafuta yalikuwa yamepanda ghafla dunia nzima baada ya 1973, na siasa yetu ilikuwa ujamaa, kwa hiyo gari binafsi lilionekana anasa. Nilikuwa kijana nikishika mkanda wa kupimia, wazee wanachora njia za miguu kwenye ramani pana kuliko meza hii ninayoandikia.

Njia nyingi za miguu zilikuja kuwa uchochoro, nyingine viwanja. Simlaumu mtu. Serikali ilichukua zaidi ya miaka arobaini kuhamia kweli, na ilipohamia kuanzia 2016 ilihamia kwa kasi, watu walitaka viwanja leo si kesho. Ukipima haraka unapima kule kwenye ardhi tupu, nayo ardhi tupu iko mbali.

Sasa inakuja barabara ya mzunguko, kilomita 112.3, inapita huko huko Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa, Matumbulu. Malori yatatoka katikati ya mji, na hilo ni jema kwa sababu lori la dizeli likisimama kwenye foleni linatoa moshi bila kusogea. Ila nimeona ramani nyingi maishani: barabara mpya ikipita porini, mwaka wa pili wanakuja wapima, mwaka wa tatu mabango ya viwanja. Mtoa mada ataokoa dakika ishirini za kwenda Mtumba, na mtu mwingine atanunua kiwanja kilomita kumi mbele yake.

---

Bonde la Makutupora

Shikamoo mzee. Huo mpango wa 1976 tunausoma darasani kama historia, sikuwahi kukutana na aliyeshika mkanda.

---

Mpima wa Zamani

Marahaba mwanangu. Mkanda wenyewe ulikuwa wa chuma, jua la saa saba ulikuwa unaunguza vidole. Njoo Hombolo nikuonyeshe.

---

Tofali la Inchi Sita

Mimi najenga, naongeza moja kutoka kwenye saiti. Hizi nyumba za paa la kuficha zinazopendwa siku hizi Iyumbu na Njedengwa ni tanuri. Hakuna upenu, jua la mchana linapiga ukuta wote, madirisha ya vioo vikubwa upande wa magharibi kwa sababu barabara iko huko na watu waone. Mteja anahamia, Oktoba inafika, ananipigia simu "fundi nyumba inachemka". Anaweka viyoyozi vitatu. Dodoma hii iko juu, zaidi ya mita 1,100, jioni upepo upo, usiku unajifunika. Nyumba ya bibi yangu ya tembe kule Chamwino, udongo juu udongo pembeni, mchana unaingia unasikia ubaridi kama wa mtungini. Upenu wa futi tatu na madirisha yanayotazamana, ningekuokolea viyoyozi viwili. Ila ukimwambia mteja upenu anasema hiyo nyumba ya mtumishi wa miaka ya themanini.

Mtoa mada umesema kipato kwenye ile fomula ya Mjapani. Kipato naona kinakuja kwa sura ya kiyoyozi.

---

Mkaa wa Nala

Wakuu nimesoma yote, mengine mara mbili.

Fundi Waya, nimekaa na hoja yako usiku mzima. Ni kweli ukibadilisha kilichomo kwenye tangi unaua moshi mwingi bila kunihamisha. Reli mpya ya umeme, SGR, ni mfano mzuri, tangu Agosti 2024 nikienda Dar naacha gari, na gari langu kwa safari ile ya kilomita mia nne na hamsini lingeunguza lita arobaini na zaidi kila upande. Umeme huohuo wa gridi umebadilisha kila kitu, hakuna aliyehama nyumba. Ila treni inajaa watu mamia kwa injini moja. Magari ya umeme elfu hamsini yenye mtu mmoja mmoja kila moja bado yanataka lami, maegesho na uniti 225 kila mwezi ambazo zingepikia maharage nusu ya mtaa. Kwa hiyo nakukubalia robo tatu, robo nabaki nayo.

Na nimejaribu jambo jingine wiki hii. Nimepanda basi la watumishi siku tatu. Tulikuwa watu kama hamsini. Nikamuuliza dereva ulaji wa dizeli, akasema kama lita thelathini kwa kilomita mia. Lita ya dizeli inatoa kama kilo 2.7, kwa kilomita zangu 64 basi zima linatoa kama kilo 52. Gawanya kwa hamsini, ni kilo moja na ushei kwangu, badala ya kumi na tatu na ushei. Sikuhama, sikununua gari la umeme, niliamka tu saa kumi na nusu alfajiri. Siku ya nne nilichelewa kuamka nikachukua gari. Nimeandika kwenye daftari, sikuficha.

Mama Ubwabwa, nitakuja Sabasaba. Naomba maharage yawe ya mkaa, nusu uniti zile baki nazo nyumbani.

---

Mama Ubwabwa

Karibu baba. Kwa walio na magari sahani imepanda 😂

---

Bajaji ya Njano

Mtoa mada kuhusu hicho kiwanja cha Nala, kama kimekuchosha kiasi hicho unauza? Kuna mtu wangu anatafuta huko huko.

---

Mkaa wa Nala

Siuzi mkuu. Nimeshapaua.